Herufi Mbili Juu ya Kisahani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, miwani ikiwa puani, maana Mama ameniandikia kwamba juzi uliitafuta nyumba nzima kumbe imetulia utosini mwako. Hali yako inaendeleaje? Chakula kinapita? Ule uchovu wa mchana umepungua? Mimi huku ni mzima, kiuno tu ndicho kinachonilalamikia kwa kuinamia hadubini kutwa. Mama mpe shikamoo yake, umwambie sweta limefika na linanikaa vizuri, ingawa mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake.

Uliniuliza ninafanya nini hasa, kwa sababu wageni wanakuuliza na wewe hupendi kubabaisha. Basi ni hivi. Kila mchana navaa koti jeupe na glavu, nafungua kabati lenye joto la mwili wa mtu, natoa visahani vya plastiki ambamo tunafuga seli za saratani ya ini. Nasema tunafuga kwa sababu zinakula, zinachafua na zinazaana kuliko panya. Nazibadilishia majimaji ya chakula, kisha baadhi ya visahani navitilia kirusi. Kirusi hiki kimepunguzwa makali. Kikiingia kwenye seli ya saratani kinazaliana humo mpaka kinaipasua, lakini kwenye seli isiyo na ugonjwa hakifurukuti. Siku ya sita tunahesabu zilizobaki hai.

Mkuu wetu wa maabara tunamwita Bibi Mizani, kwa kuwa mama huyu hupima hata chumvi ya yai lake la mchana. Zamu ya asubuhi anayo mwenzangu mmoja, fundi wa maabara, mtu mpole mwenye huruma za kupitiliza. Ukikohoa mara moja anakuletea maji, ukikohoa mara mbili anataka akubebe.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Wewe uliyesahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini ulinikanya tangu darasa la tatu nisifupishe maneno ovyo. Sikukusikia. Visahani nilivyokwisha kuvitilia kirusi niliviandika BK, yaani baada ya kirusi. Mwenzangu alipofungua kabati asubuhi, akasoma BK, akaelewa bila kirusi. Akanionea huruma. Alidhani nimechoka nikasahau, akavitilia yeye kimyakimya ili nisigombezwe. Kwa kuwa visahani vyote vinafanana, na mimi nilikuwa navipanga upya kila jioni, kesho yake akadhani ni vingine, akavitilia tena. Alinisaidia hivyo asubuhi tano mfululizo, na mimi sina habari.

Siku ya sita nilipochungulia hadubini sikuona seli hai hata moja. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Siku hiyohiyo nikakuandikia ile barua, kwamba kirusi chetu kinafyeka saratani yote na kwamba sasa mambo ni moto. Unaikumbuka, bila shaka.

Tulipoanza kurudia jaribio, tayari nikiandika tarehe badala ya herufi, seli zikagoma kufa. Nikahesabu vichupa vya kirusi kwenye friza, havikutimia. Wakati wa chai mwenzangu akasema, tena kwa uso mkunjufu, kwamba vichupa vile alivitumia yeye kwenye visahani vyangu vya bila kirusi. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi Mizani alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka, akatueleza kwamba kwa dozi kubwa namna ile hata seli za ini zisizo na ugonjwa zingekufa, na hakuna mgonjwa ambaye angeweza kuistahimili. Tangu siku hiyo mwenzangu tunamwita Dozi, na mimi naandika maneno kamili mpaka kifuniko kinakosa nafasi.

Tumelirudia jaribio mara tatu kwa dozi sahihi. Kirusi chetu hakifyeki, Baba. Kinapunguza kasi ya kukua. Pale ambapo visahani visivyo na kirusi vina seli mia, vyenye kirusi vina sitini na kitu, na seli zisizo na ugonjwa zimesalimika. Bibi Mizani anatembea akiimba, na mimi nina furaha ya kweli, kwa sababu safari hii jambo lenyewe ni la kweli. Ila kutoka kwenye kisahani hadi kwenye mwili wa mtu ni miaka mingi ya majaribio, na pengine tusifike.

Naja kwenye lile lililonifanya niichane barua hii mara nne. Haya yote nimeyajua tangu wiki tano zilizopita. Katika wiki hizo nimekuandikia mara mbili, nikajaza kurasa kwa habari za mvua na za majirani. Mama alikuwa ameniambia kwamba umeanza tena kupiga mluzi ukinyoa ndevu, kwamba barua yangu unaisomea kila mgeni, na kwamba umemwambia daktari wa upasuaji aweke kisu chake pembeni kwa kuwa binti yako ana dawa kwenye friji. Nilijua umeahirisha upasuaji kwa sababu ya herufi zangu mbili, nikanyamaza. Niliogopa kukukatisha tamaa. Na niseme yote: niliona raha kusifiwa na wewe.

Juzi Mama ameniandikia kuhusu ile picha mpya ya ini lako uliyoificha kwenye droo. Usimgombeze. Uvimbe umetoka sentimita mbili, umefika tatu. Daktari anasema bado uko upande mmoja wa ini na unaondoleka vizuri, ila si wa kusubiriwa. Sentimita hiyo moja iliyoongezeka naihesabu kuwa yangu. Nisamehe, Baba.

Usikisubiri kirusi changu. Niliomba likizo ya siku kumi, Bibi Mizani akanipa kumi na nne. Nafika Jumamosi. Nimempigia daktari simu, amekubali kukushikia nafasi ya Jumatatu saa mbili asubuhi. Uamuzi ni wako na sitakuburuza, lakini saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni nimeshavaa viatu. Ukiwa umenikasirikia, na haki unayo, nikasirikie tukiwa njiani kwenda hospitali.

Mama mwambie asijisumbue kunitandikia, nitalala popote. Wasalimie wageni wote uliowasomea ile barua yangu ya kwanza, na tafadhali uwasomee na hii.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Kifungua mimba wako