Mabomu Niliyoyatega Angani

Kasese

Kwako dada yangu mpendwa Feresita,

Nakusalimu wewe na wote hapo Bwera, nikiomba barua hii ikukute na nguvu. Mguu mpya wa bandia bado unakuchubua? Na wateja wa vitenge wanavuka mpaka kama zamani? Mimi ni mzima, Mungu ananitunza. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kama kawaida yako, na leo nataka unisikilize hadi mwisho.

Kazi yetu unaijua: Aziz, Naswiba na mimi tunatengeneza mchezo wa kompyuta, vyombo vinavyopigana angani katikati ya nyota. Mimi ndiye natunga silaha. Juzi juzi Aziz aliniomba nitunge mabomu ya kutegwa, yanayoelea gizani yakingoja chombo kipite. Sikumwambia kwamba bomu kama hilo ndilo lililokukata mguu. Niliyatunga alivyotaka, madogo, hayaonekani, hayana sauti.

Tuliyajaribu na wachezaji wetu wa Kinyamaseke. Chombo cha kwanza kilipopasuka, wote walishangilia. Mimi nilitoka nje. Naswiba alinifuata akaniuliza naumwa nini, nikamweleza habari za mguu wako. Akasema, "Basi usiyatunge kama mtu asiyejua."

Neno hilo halikuniacha. Nikaenda Karambi kwa mama Bulandina, jirani yetu wa miaka ile ya waasi, kumuuliza watu waliishije vita vilipokwisha na mabomu yakabaki. Alinieleza kuhusu njia zilizoachwa, na kahawa iliyoiva hadi ikaanguka kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuingia shambani.

Niliporudi nilibadilisha yote. Katika mchezo wetu sasa vita vinakwisha, mabomu yanabaki, na hayamjui aliyeyatega. Vyombo vya wagonjwa vinapita njia hiyo hiyo, na hakuna mshindi mpaka isafishwe, bomu moja moja. Aziz alikataa kabisa. "Mutu anakuja kupigana, wewe unamupa kazi ya kupalilia?" Tuligombana hadi akakubali tujaribu mara moja tu. Muhammed, dereva wa lori aliyeshangilia kuliko wote siku ile, alitega mabomu kila mahali akicheka, kisha moja likapasua chombo chake mwenyewe cha wagonjwa. Hakucheka tena. Aliomba aanze upya, akayasafisha polepole, wenzake wamejipanga nyuma yake. Lilipoondoka la mwisho, walipiga kelele hadi majirani wakaja kuchungulia. Aziz alinipa mkono. Kampuni moja ya Kampala imekubali kuusambaza mchezo wetu.

Sasa, dada, nifike kwenye neno lililonikalisha kuandika. Miaka yote umeniambia kwamba siku ile ulikuwa peke yako, ukikata majani ya mbuzi. Mama Bulandina alidhani najua. Alisema, "Hakuwa peke yake. Alikuwa na mutoto, na mutoto ilikuwa wewe. Uliona kitu kinang'aa kwenye nyasi, unakiendea, ndiyo kwanza umejua kutembea. Alikimbia akakukamata, akakurusha nyuma njiani. Mguu wake ukashuka pale pale, juu ya bomu."

Nilikaa kwake hadi chai ikapoa.

Nimeelewa kwa nini ulificha. Hukutaka nikue nikiutazama mguu wako kwa hatia. Na uliweza, dada. Nilikua nikicheka, nikigombania chapati nawe, nikikununia uliponikataza mpira wakati wa mitihani, kama mdogo yeyote kwa dada yake. Asante kwa miguu yangu miwili. Asante zaidi kwa utoto ule ulionipa, nikautumia bila kujua uliununua kwa bei gani.

Jumapili baada ya misa nitakuja Bwera. Usipotaka tulizungumze, hatutalizungumza. Ila nitakushika mkono kutoka kanisani hadi nyumbani, mbele ya watu wote, na safari hii usinifukuze.

Nisalimie shemeji Zedekia na wapwa zangu wote. Mungu akuweke.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Masereka