Mgeni wa Bafuni

Baba Watoto,

Usimshike Mkufu kabla hujanawa kwa sabuni. Nyoka wako mpya nimemhamishia bafuni, kwenye beseni lenye mfuniko. Nimelitoboa matundu, nikaweka tofali juu. Kuoga, tumieni bomba la uani.

Najua jana ulimlaza sanduku moja na nyoka mwenzake, Mkufu, ili asijione mpweke. Wewe na huruma zako. Asubuhi nimekuta vijidudu vyeusi vikielea kwenye maji yao ya kunywa. Daktari wa wanyama kanigombeza mimi, kana kwamba ni mimi niliyemnunua. Anataka wakae mbalimbali mpaka awapime wote. Huyu ni mgeni asiyepewa jembe hata siku ya tatu.

Mbadilishie Mkufu maji kwanza, mgeni baadaye. Kitambaa chekundu cha kufutia ni cha mgeni, kisitoke bafuni.

~~Jioni mrudishe kwa aliyekuuzia.~~

Hapana, acha. Amekonda mno, huko nani atamtazama?

Nilipomnyanyua alijiviringisha mkononi mwangu akatulia. Mimi huyu, niliyeapa nyoka wa pili hataingia humu ndani.

Akifa nikiwa kazini, usinipigie simu. Ningoje mlangoni.

Mama Watoto