Picha ya Mzee Gerishon na Mama Njau

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijamwaibisha mtu ninayemheshimu kama baba. Mimi ni Aoko, naishi Mwihoko, na kwa miaka sita nimefanya kazi katika studio ya Mzee Gerishon pale Ruiru, nikifagia na kukata picha za paspoti kwa makasi, lakini kupiga picha sijawahi, kwa sababu kamera yake ni ile kubwa ya harusi yenye vitufe vingi kuliko meno yangu na mwenyewe hakupenda iguswe. Sasa presha ya macho imemkamata, anaona kama mtu anayechungulia kwa bomba, na daktari amemwambia yaliyopotea hayarudi na yaliyobaki yanaisha. Huyu mzee amepiga harusi za nusu ya Ruiru, na hana hata picha moja akiwa na mkewe, Mama Njau, kwa kuwa siku zote yeye ndiye alikuwa nyuma ya kamera, na hata filamu ya harusi yao iliingia mwanga ikaharibika. Wiki tatu zijazo wana ibada ya shukrani ya miaka arobaini ya ndoa, na ameniambia, "Aoko, utatupiga picha wewe, na kwa kamera yangu. Nataka kuiona nikiwa bado naona."

Jirani yangu Mwas, anayesoma Juja, alinicheka. "Aunty, hiyo ni ya mapro. Anza na simu, hiyo kamera itakumaliza." Labda ni kweli, lakini Shangazi, siku niliyoweka jicho kwenye tundu la ile kamera nikamwangalia Mama Njau akitoa minji kwenye maganda mlangoni pa studio, nilisahau kupumua. Mwanga ulikuwa kwenye shavu lake, nikaona kila kunyanzi, nikaona vile huuma mdomo akifikiria, mama ambaye nimemsalimia kila asubuhi miaka sita na kumbe sijawahi kumwona. Na mzee naye alinishangaza, aligeuza uso polepole mpaka jua likamgusa shavu, akasema, "Mwanga uko hapa, msogeze kidogo," na ulikuwa hapo kweli!

Nikabonyeza mara kumi na moja. Zote zilitoka nyeusi tititi kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Mzee akauliza, "Zimetoka?" akaishika kamera akasogeza kile kioo karibu na jicho, na mimi nikasema zimetoka vizuri sana, akatabasamu, akanivisha mkanda wa kamera shingoni akaniambia niende nayo nyumbani nijifunze. Nimrudishie kamera atafute mpiga picha wa kweli, ninunue kakamera kadogo nianze mwanzo, au nifanye nini?

Aoko, Mwihoko

Shangazi anajibu:

Aoko, kwanza nikugombeze tumalize hilo. Umemdanganya mtu asiyeona vizuri kuhusu jambo la macho. Hilo si dogo, na utalirekebisha kwa mdomo wako mwenyewe.

Kuhusu kamera, Mwas amekupa nusu ya ukweli. Anayeanza na mtambo mkubwa huchanganyikiwa akitaka kujua vitufe vyote siku moja. Lakini nani amekutuma uvijue vyote? Juu ya kamera pana kigurudumu cha kuzungusha. Kiweke kwenye alama ya kijani, kamera ijipangie yenyewe. Picha zako zilitoka nyeusi kwa sababu ilikuwa imeachwa ipangwe kwa mkono, na lile tundu hukuonyesha kile jicho linachoona, si kile kamera itakachoshika. Lenzi usiibadilishe, hasa kwa vumbi la Mwihoko. Ukizoea, jifunze kitufe kimoja kwa wiki, na hiyo kamera itakutii kama yoyote.

Na sikiliza, kakamera kadogo hakangekufunza lile ulilokwisha kulipata ulipomwona Mama Njau akiuma mdomo. Nimesoma barua nyingi kwenye meza hii, lakini mzee anayetafuta jua kwa shavu lake amenifanya niweke kalamu chini. Una mwalimu wa namna hiyo na bado unawaza kwenda dukani! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe inabidi nikuambie.

Tena wiki tatu za nini? Presha ya macho haingoji ratiba ya kanisa. Nenda kesho saa tatu asubuhi, jua likiwa bado mlangoni. Mwambie mzee ukweli wa zile picha kumi na moja. Mwombe akupangie kamera kwa vidole vyake, maana vidole havijasahau. Kisha aketi kando ya mkewe, mahali ambapo hajawahi kuketi, na wewe upige. Ichapishe kubwa, umpelekee dirishani siku hiyo hiyo. Ya ibada itakuwa ya pili.

Hasira yake usiiogope. Mtu aliyetazama picha maisha yake yote hahitaji macho mazima kuijua picha nyeusi. Aliishika karibu na jicho, Aoko. Aliona. Kisha akakuvisha mkanda.