KILIMO AU KIFARANSA: KIKAO CHA KAMATI YA MTAALA WA SEKONDARI YA CHINI

SHULE YA KIMATAIFA YA KORONGO, KITALE

Tarehe: Jumamosi, 22 Novemba 2025
Mahali: Maktaba
Kuanza: Saa 4:25 asubuhi (mwaliko ulisema saa 4:00)

WALIOHUDHURIA
Bw. Kiarie – Mwenyekiti. Mzazi, mkulima wa mahindi, eneo la Kwanza
Bi. Mwihaki – Mwalimu Mkuu
Mwl. Nangila – Mwalimu wa Kilimo
Bi. Jelimo – Mzazi, mfugaji, Endebess
Bw. Walubengo – Mzazi, Bungoma
Bi. Rosaline – Katibu na mkutubi

ALIYETUMA UDHURU
Bw. Kimotho (anasindikiza mahari ya kakake)

ASIYEKUJA WALA KUSEMA KITU
Bw. Makokha (mara ya tatu)

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA
Bi. Jelimo aliomba. Aliwaombea wanafunzi na walimu, kisha akaomba mvua isinyeshe hadi watu wamalize kuvuna. Amina ya hapo ilikuwa kubwa kuliko zote.

KUMB. NA. 2/11/2025: KIKAO KILICHOPITA
Bw. Walubengo alisema kwamba hakulala, alifumba macho tu. Kumbukumbu zilirekebishwa, kisha zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/11/2025: PENDEKEZO LA KUONDOA KILIMO
Mwenyekiti alipendekeza kwamba vipindi vitatu vya Kilimo, Darasa la 7 hadi la 9, vipewe Kifaransa kuanzia Januari. Alieleza kwamba halipi karo ya shule ya kimataifa ili binti yake Nduta afundishwe kushika jembe ambalo liko nyumbani.

Alikumbusha pia kwamba mwaka jana Darasa la 7 lilipanda mahindi Septemba, kwa sababu mwaka wa shule huanza Septemba na sura ya kwanza ya kitabu cha ng'ambo ni kupanda. "Septemba, bana! Sisi tunavuna, wao wanapanda. Kwanza nzima ilicheka."

Mwl. Nangila alikubali kosa. Alikuwa na wiki mbili kazini na aliogopa kuruka sura. Siku hizi huanza na sura za mwisho, kuvuna na kuhifadhi, na kupanda hungoja Machi.

Mwalimu Mkuu alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba Kilimo kikiondoka, mkataba wa Mwl. Nangila hautaongezwa, kwa kuwa hana somo lingine. Wajumbe walitazama meza. Katibu alimtazama Mwl. Nangila na akaumia moyoni.

KUMB. NA. 4/11/2025: CHUPA
Mwenyekiti alisema hakuna mwalimu wa kufundisha watu wa Kwanza mahindi. Alitaja gunia la mahindi alilolileta asubuhi hiyo yachanganywe na maharagwe kwa githeri ya wanafunzi, ambalo alilipima kwa meno kabla ya kulipakia. "Si ukiuma punje inalia ka! Imekauka hiyo. Nimeuma mahindi miaka thelathini."

Mwl. Nangila aliomba konzi mbili kutoka gunia hilo. Alieleza kwamba ndilo somo la Darasa la 7 wiki hii: mahindi na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu, hutikiswa, kisha watu hungoja dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na yataota kuvu ghalani.

Mwenyekiti alisema atatikisa mwenyewe, "ndio mtu asiseme ati ilifanyiwa dawa." Alitikisa kwa nguvu zake zote. Chai ililetwa.

"Hebu rete hapa tuone," alisema Bw. Walubengo muda ulipofika. Chumvi ilikuwa imenata pande zote za kioo. Mwenyekiti aliomba chupa nyingine. Humo pia chumvi ilinata.

Bi. Jelimo aliuliza kama mahindi yaliyo ghalani Kwanza ni ya shamba hilo hilo. Mwenyekiti alijibu kwamba ndiyo, ni magunia mia moja na tisini, na yalifungiwa Jumanne.

"Na Nduta aliniambia," aliongeza. "Jumatano. Alikuja na chupa yake. Nikamwambia aende asome Kifaransa."

Kicheko kilichukua muda. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa wa mwisho kunyamaza.

KUMB. NA. 5/11/2025: UAMUZI
Mwenyekiti aliondoa pendekezo lake kabla ya kura. Bw. Walubengo alipendekeza Kilimo kibaki na Kifaransa kiwe klabu ya Alhamisi jioni. Wote waliunga mkono. Gunia la githeri lianikwe uwanja wa mpira wa kikapu. Mwalimu Mkuu aliahidi kwamba barua ya mkataba itatoka Jumatatu. Mwl. Nangila alishukuru. Katibu alifurahi sana na haoni sababu ya kuficha.

KUMB. NA. 6/11/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba KUMB. NA. 4 ifutwe. Ombi lilikataliwa kwa kura tano dhidi ya moja.

KUFUNGA
Hakuna aliyefunga kikao. Saa 6:10 mchana Mwenyekiti alipiga simu nyumbani akiwa mlangoni, na sote tulisikia: "Toeni magunia yote nje, tandikeni maturubai! Na msiume hata punje moja. Mpatie Nduta simu... Nduta? Mamii, ni baba. Nielezee ile ya chumvi tena, pole pole. Naandika."

MWENYEKITI: Kiarie (alitia sahihi akiwa amesimama)

KATIBU: Rosaline