Mwangaluka ya Jioni

Kabula mwanangu,

Nakuandikia mwenyewe, kwa mkono huu uliojifunza kalamu ukubwani, kwa hiyo usinicheke. Minza alitaka nimtajie maneno ayaandike kwenye kompyuta yake, nikakataa. Mambo yangu na wewe hayapitii kwa mtu.

Mwanao Minza amekuja. Alifika Kasoli tuko kwenye kuvuna pamba, amepanda bodaboda kutoka Bariadi, sanduku kubwa kuliko yeye, vumbi mpaka kwenye kope. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini. Akapiga magoti mbele yangu vizuri kabisa, akasema, "Mwangaluka mayu."

Jioni ile. Wake za kaka zako walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa. Nikamwambia mwangaluka ni ya asubuhi, saa hizi watu wanasema mwadila, kwani mama yako hakukufundisha? Akasema, "Alinifundisha." Kesho yake jioni, tena: mwangaluka mayu. Sikufichi, nilikukasirikia. Nikasema huyu Kabula amemfundisha mtoto neno moja, nalo kalipindua.

Halafu akanieleza. Akasema ulikuwa unakaa kitandani kwake usiku, taa umezima, unanipigia simu kabla hajalala, na neno la kwanza unalosema ni hilo. Huku kwetu kumekucha, mimi ndiyo kwanza nawasha moto. Kumbe mwenzangu alikuwa analala na salamu yangu ya asubuhi. Kwake yeye mwangaluka ni neno la giza na shuka.

Nikaondoka pale. Nilienda zizini nikajifanya natafuta ndama.

Sasa sikiliza. Minza amekuja kukaa, si kutembea. Na kukaa, Kabula, kunaombwa. Ulipochukua uraia wa kule ng'ambo uliniambia, "Ni karatasi tu, mama, moyo uko huko." Nikakuambia moyo haugongwi muhuri. Ukacheka. Basi hiyo karatasi tu ndiyo imemfanya mwanao awe mgeni kwenye nyumba uliyokulia wewe. Kule ofisini anaitwa mwombaji. Mjukuu wangu, mwombaji. Watu wa nyumba hii wameombwa mbegu, wameombwa maksai, wameombwa mabinti. Kuomba wao hawakujua.

Lakini viza yake ilikuwa inaisha. Wakimkatalia anapanda ndege, na mimi kwa mifupa hii simngojei arudi mara ya pili. Nikavaa kile kitenge chako, tukaenda Uhamiaji.

Kijana wa pale ana adabu, ila si Msukuma. Akaniuliza, "Bibi, huyu ni nani wako?" Nikamjibu, "Mama yangu." Akamtazama Minza, akanitazama mimi, akarudia swali polepole kama naumwa masikio. Nikamwambia, "Mama yangu. Au unataka niimbe?" Minza ananivuta kitenge. Sasa mimi nifanyeje? Ulimpa jina la mama yangu mzazi. Nimwite jina tupu kama namwita mbuzi? Tangu afike namwita mayu, naye ananiita mayu. Nyumba ina mama wawili na haina mtoto.

Mwanamke mmoja kwenye benchi ndiye alituokoa. "Afande, kapewa jina la mama yake huyo bibi. Andika mjukuu." Kijana akacheka, akaandika. Halafu akasema kinachotakiwa ni uthibitisho wa huyu wa katikati, kwamba kweli alizaliwa hapa.

Wa katikati ni wewe.

Nikamwambia wa katikati nilimzaa kwenye mvua, natoka kisimani, ndiyo maana akaitwa Kabula, au unataka nikuletee na mvua yenyewe? Nilitaka kuendelea kumsema. Nikakaa chini. Yule kijana akaniletea maji, nikayakataa, halafu nikayanywa. Mwenyekiti wa kijiji na wazee waliokuona unatambaa wakaenda kuapa kwamba uliwahi kuwepo. Mtu anaapiwa kwao.

Tukangoja. Kila simu ikilia Minza anatupa jembe. Usiku namsikia anageuka kitandani kwako, na mimi nageuka kwangu.

Juzi wakapiga. Wamempa.

Wifi zako walipiga vigelegele, Minza akanibeba juu kama gunia. Mimi sikupiga. Nilisikia tu yale maneno, ukaazi wa kudumu, nikakuona wewe. Wewe wa kwako umeupata kule bila kuomba. Hakuna atakayekuuliza umekuja lini, unaondoka lini. Siku wanakuzika nilikutazama kwenye simu ya kaka yako, jeneza dogo kama kiberiti, halafu mtandao ukakata. Sikuona udongo ukiingia. Kwa hiyo kwangu mimi bado hujashuka. Uko pale pale, umening'inia kwenye kamba, na mimi nimeshika simu nasema halo, halo.

Ulisema utarudi ukistaafu. Ulichagua hata mahali pa kujenga, pale kando ya zizi, ukaniambia, "Mama, usipande kitu hapo." Sijapanda. Watu wamenisema, ardhi nzuri inalala bure, nimewajibu ina mwenyewe. Ulikuwa mkaidi, Kabula, tena mwongo. Ulipaswa kuja ukiwa na miguu yako.

Jana nilimpeleka Minza pale nikamwambia mama yako alipachagua hapa. Alivua viatu.

Atajenga hapo. Nami nakuahidi: Kisukuma nitamfundisha chote, kuamkia wakubwa, kukausha michembe ya viazi, kumtukana ng'ombe akasikia. Ugali wake una madonge, nao tutautengeneza. Ila ile salamu yako siigusi. Akiingia jioni akisema mwangaluka, nitaitikia kama kumekucha, na atakayecheka atatoka kwangu.

Basi, lala mwanangu. Jua linazama, namwona Minza anakuja na kuni, amezifunga vibaya, zitamwanguka. Ngoja nikampokee.

Huko uliko sijui ni saa ngapi. Mwangaluka, Kabula.

Mama yako