Mimi Si Ushahidi

Jumatatu, 3 Agosti

Likizo. Nimemsindikiza Mama kliniki na Kadogo, mdogo wangu wa miezi mitatu. Shangazi naye akaja — hakualikwa.

Muuguzi aliwaeleza kina mama kwamba mtoto anayenyonya ziwa la mama huwa na hatari ndogo zaidi ya kuzidi uzito utotoni. Alieleza vizuri, nami nilikuwa nasikiliza kwa makini. Mara Shangazi akanishika bega. "Kweli kabisa, nesi! Mtazame huyu. Huyu ni wa chupa!"

Benchi zima likageuka. Wengine wakacheka. Yaani mimi ndiye ushahidi: mashavu, tumbo na yote yaliyobaki. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini aliyeumia zaidi ni Mama. Alifunga vifungo vya blauzi, Kadogo hajamaliza, akatazama ukuta. 

Mama alilazimika kurudi kazini nikiwa mchanga kuliko Kadogo alivyo sasa. Maziwa yakakauka. Shangazi anaijua habari hiyo kuliko mtu yeyote. Chupa alikuwa ananipa yeye!

Jumanne, 4 Agosti

Nimeshinda maktaba.

Hatari si hukumu. Ukitoka bila mwavuli una hatari zaidi ya kulowa, lakini huwezi kumwona mtu amelowa ukasema huyu alisahau mwavuli. Kuna chakula, kuna usingizi, kuna damu ya ukoo (Baba, ambaye sasa yuko safarini na lori lake, hupita mlangoni kwetu kiubavu!). Hakuna kitabu kinachoweza kunitazama mimi peke yangu na kusema: ni chupa.

Ila muuguzi hakukosea. Mtoto akiwa kwenye ziwa, akishiba anaachia mwenyewe. Wa chupa mara nyingi anasukumiwa mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo nataka Kadogo anyonye. Nataka sana. Ninachokataa ni kugeuzwa fimbo ya kumchapia Mama.

Nimemweleza Mama alipokuwa anakunja nepi. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema basi na mimi nikunje, mdomo hauzuii mikono. Lakini alikuwa anatabasamu.

Alhamisi, 6 Agosti

Siku ya kwanza ya Mama kurudi kazini, chumba cha pasi kwenye sehemu ya kufulia ya hoteli. Kadogo amebaki na Shangazi na mimi.

Mama amerudi sare imelowa kifuani. Alijaribu kukamua chooni, watu wanagonga mlango, yakatoka machache tu. Msimamizi akamwambia akienda chooni tena atakatwa mshahara, na mashuka ya wageni hayataki madoa.

Shangazi amenunua kopo la maziwa. Shangazi huyu huyu wa kliniki! Nikamuuliza, imekuwaje tena. "Mtoto halishwi msimamo," akajibu, akaenda kuchemsha chupa.

Jumatatu nilikuwa kosa. Alhamisi kosa hilo hilo limekuwa dawa.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimefanya jambo.

Shangazi alikuwa anamlisha Kadogo. "Malizia, mama, malizia, usimwachie Bonge." (Bonge ni mimi. Hata shuleni.) Kadogo akageuza uso. Shangazi akairudisha chupa. Akageuza tena, akakunja ngumi. Chupa ikarudi.

Nikaichukua. Nikaitoa mkononi mwa Shangazi kabisa!

"He! Umeota mapembe?"

Nikasema ameshiba. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu, lakini ilitoka.

"Wewe ulikuwa unamaliza, tena unalilia nyingine."

"Nani alinifundisha kumaliza?"

 Akacheka, cheko fupi, akasema vitabu vitaniua. Lakini chupa hakuiomba tena.

Kopo si sumu, najua. Nimekua nalo, na kichwani niko sawa. Ila jioni Mama amesema ziwa la kushoto limeanza kuwa jepesi. Alisema taratibu, kama mtu anayetaja mgonjwa. Ndivyo yalivyoanza kukauka wakati wangu.

Haitatokea tena. Si kwa Kadogo.

Jumapili, 9 Agosti

Nimemwambia Mama: una mapumziko ya mchana, na hoteli si mbali. Nitamleta.

Amekataa. Eti wenzake kazini watamcheka. Nikamwambia mimi watu wananicheka tayari, bora wapate sababu ya maana. Akasema msimamizi atawaka. Nikasema mapumziko ni yako, si ya msimamizi. Akanitazama kama mtu aliyekuta mgeni sebuleni.

Hakusema ndiyo. Ila ameweka kitenge cha kubebea mtoto juu ya kiti changu.

Jumatatu, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimekalia fungu la mashuka, chumba cha pasi. Joto! Mwandiko mbaya.

Nilimfunga Kadogo mgongoni. Vijana wa darasani kwangu walikuwa dukani. "Yaya Bonge! Na wewe unanyonyesha?" Siku zote huwa navuka barabara. Leo nikapita katikati yao. Kadogo akamcheulia mmoja kiatuni. Sikuomba radhi.

Mlinzi wa getini alisema watoto hawaruhusiwi. Nikasema huyu hajaja kutembea, amekuja kula. Nikapita kabla hajafunga geti.

Mama alikuwa amekaa, ameshika kifua. Alipomwona Kadogo maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Akanyonya kwa sauti, wapiga pasi wote wakacheka — cheko zuri. Mmoja akatuwekea feni.

Kisha msimamizi. Kisha msimamizi akamleta meneja.

Meneja ana tai, jasho linamtiririka. Amesema hapa ni kazini, si wodi ya wazazi. Kesho mtoto asije, au Mama asije. Anataka jibu sasa hivi.

Wote wamezima pasi. Nikasimama. Nikasema muda wa mapumziko haujaisha. Meneja akauliza huyu ni nani.

"Mwanangu wa kwanza," Mama akasema. Hakuinamisha kichwa hata kidogo. "Na jibu lako nitakupa mtoto akishashiba."

Meneja amesema sawa, atasubiri. Amesimama mlangoni, anatazama saa.

Kadogo ndiyo kwanza anahamia ziwa la pili.