Mti wa Sebuleni kwa Patron

Beni, Mulekera

Mama Masika, mke wangu,

Pokea salamu zangu zote, na za jana na juzi ambazo hazikupata wa kuzibeba. Hapo Vulamba mko wazima? Kikohozi cha Masika kimepoa? Mimi siumwi, ila upweke unanila.

Tangu patron, mwajiri wangu, akimbie vita nakaa peke yangu katika nyumba yake, madirisha yamefungwa ili askari wadhani haina mtu. Kurudi siwezi, wanaume wanakamatwa njiani kubebeshwa mizigo. Patron aliniachia mti wake wa sebuleni, mrefu kunipita, ndani ya chungu. Alisema: "Kama nitakuta hii muti ilikufa, na kazi yako ilikufa."

Basi ukaanza kupukutika. Unanijua mimi, mtoto wa shamba la kahawa, kila jani najifanya daktari wake. Nikasema ni kiu, nikaumwagia maji kila asubuhi. Ukazidi. Nikageuza majani kutafuta wadudu, hakuna. Nikachomeka kidole kwenye udongo, tope tupu. Nikainamisha chungu: mizizi iliyochomoza chini ni myeusi, inanuka. Nikaacha maji, majani bado yakaanguka. Mwishowe nikaona kwamba matawi yenye majani ni yale tu yanayoelekea ufa wa dirisha. Kumbe! Sisi miche ya kahawa tunailea kivulini, nami nikadhani giza la nyumba hii linaufaa. Bila mwanga hata maji hauyanywi. Nilijicheka, kisha nikalia.

Siku mbili nikalizunguka dirisha. Nikifungua, askari watajua nipo. Nisipofungua, mti unakufa na chakula chenu kinakatika. Jumapili nikafungua.

Jirani, mama muuza mawese, akashtuka uani kwake: "Yesu! Kumbe iko mutu humu? Miezi yote hii?"

"Niko, mama."

Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni.

"Batakuona, papa. Funga!"

Sikufunga. Mti umetoa jani jipya moja. Wanawake bado wanapita njiani, na huyo jirani ndiye amekuletea barua hii. Usinikasirikie, mke wangu. Wakija watanikuta. Lakini miezi minne niliishi kama mtu aliyekwisha kuzikwa, na siwezi tena.

Nisalimie mama mkwe, dada yako mshonaji, na kaka yangu fundi wa baiskeli. Masika mwambie baba yake yupo.

Mume wako,
Baba Masika